Matawi Mbele ya Gari

Barua ya posa ya Ndassa ilikaa kwenye kabati la vyombo siku kumi na moja, haijafunguliwa. Kila asubuhi mwanangu Danstan alikuwa akiisogeza kwa kidole, kama mtu anayesogeza mende aliyekufa, akachukua kikombe chake cha chai nyuma yake, kisha akairudisha pale pale. Mimi nilikuwa nikimwangalia tu. Mwanamume akishika hasira yake namna ile ukimsukuma anaishika zaidi.

Mshenga alikwisha kutuambia kwamba siku ya pili ya Noeli angekuja kuchukua jibu. Kwetu barua ikirudi imefungwa hakuna tena cha kuuliza, posa imekufa. Na mjukuu wangu Yuster alikwisha kuapa mbele ya baba yake, siku ile ile barua ilipofika, kwamba posa ikifa atafunga nguo zake aende Nemba kwa Ndassa bila baraka ya mtu. Akamwambia Noeli hii asimtegemee. Akapanda pikipiki akarudi Rusumo mpakani, kwenye ofisi anakoandika makaratasi ya malori, na tangu hapo baba na mtoto hawakupigiana simu.

Danstan hakuwa na neno baya juu ya kijana mwenyewe. Neno lake lilikuwa juu ya watu wake. Alisema Wasukuma wa ng'ombe hawana kwao, leo wako Nemba, mvua ikikosa miaka miwili wanaswaga mifugo wanakwenda kusikojulikana. "Nitamtafuta wapi mwanangu, Mama?" aliniuliza usiku ule. "Nitafuata kwato?" Nikamwekea chakula.

Sasa asubuhi ya tarehe ishirini na tatu, Danstan alipokwisha kushuka shambani na panga lake, nikasikia pikipiki inazima kule chini kwenye njia. Yuster akaingia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa amekonda mashavu, na macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye kabati.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekuja kupatana au kugombana?"

"Nimekuja kupamba."

Nikavuta kigoda nikakaa.

Nyumba ile ilikuwa haijapambwa miaka tisa. Zamani, Rozina, mama yake Yuster, alipokuwa hai, watu walitoka hata vigango vingine kuja kuangalia Noeli ya kwetu. Rozina alikuwa akichimba udongo mweupe kule bondeni, akapaka ukuta wa mbele na kuuchora kwa vidole vyake vitano, mawimbi kutoka mlangoni mpaka pembeni. Watoto walikata daftari za zamani, wakazipaka bluu ya kufulia na binzari, wakagandisha minyororo kwa uji wa muhogo. Kwenye kona ya sebule tulijenga pango kwa majani makavu ya mgomba, na kila mtoto alifinyanga mnyama wake. Danstan kazi yake ilikuwa moja tu, nayo ni nyota. Aliifunga kwa vijiti vya mianzi na kamba za mgomba, akaivika karatasi nyepesi, na ndani yake ukawekwa mshumaa. Nyota ile haifungwi na mtu mmoja. Rozina ndiye aliyemshikia pembe, na ilikuwa kawaida yao kufukuza kila mtu sebuleni mpaka imalizike. Tulikuwa tukisikia wanacheka humo ndani.

Halafu mwaka ule, tarehe hii hii, Rozina alikwenda Rusumo kununua vitu vya mapambo, lori likamgonga kwenye mteremko. Walimleta jioni kwenye pikapu yenye matawi mbele. Danstan akaingia ndani, akang'oa minyororo yote na kuivunja nyota kwa goti. Watu waliokuja kulia akawatawanya siku ya pili, hata matanga hatukuanua. Tangu siku hiyo Noeli kwetu ikawa ni kwenda misa na kurudi kula.

"Baba yako atatufukuza wote wawili," nikamwambia Yuster.

"Wewe hakufukuzi mtu, Bibi, nyumba ni yako." Akacheka kidogo, kisha uso ukabadilika. "Siku ya pili ya Noeli barua inarudi. Mimi nitakwenda, nimeshasema. Lakini sitaki nikikumbuka nyumbani nikumbuke ukuta mtupu. Nipe siku moja tu."

Nilimtazama mikono. Alikuwa na vidole vya Rozina, virefu na vyembamba. Nikainuka, nikavuta sanduku langu chini ya kitanda, nikamtolea kopo la biskuti lenye wanyama wa pango. Wote walikuwa wazima isipokuwa ng'ombe, aliyekuwa na pembe moja.

Tukafanya kazi. Yeye alipaka ukuta na mimi nikakata karatasi. Katikati ya kazi alikuwa akinieleza habari za Ndassa, ingawa sikumuuliza. Jinsi walivyokutana naijua, kijana alileta mahindi mpakani, karatasi zake zikarudishwa dirishani mara tatu, na mara ya tatu Yuster akatoka nje akamwandikia mwenyewe juu ya boneti ya gari. Anasema Ndassa hakumtazama usoni hata mara moja, alitazama kalamu. Siku ya pili akaja bila mahindi. Nikamuuliza alikuja kufanya nini. Akasema alikuja kuuliza kama kalamu ile ni yake au ni ya ofisi. Yuster aliposema hayo alikuwa ameupa ukuta mgongo, na udongo mweupe ulikuwa unamchuruzika mpaka kwenye kiwiko bila yeye kujua.

"Leo yuko Rusumo, ameshusha mzigo," akasema. "Nimemwomba mti wa Krismasi. Ataushusha hapo njiani na kuondoka, Baba hatamwona."

Nilimwambia hilo si shauri baya. Nami ndiye mkubwa, ilinipasa nione mbele kuliko yeye. Sikuona.

Saa tisa hivi ukungu ulikuwa umeshuka kwenye vilima na manyunyu yakaanza. Mtu wa kwanza kuingia uani alikuwa jirani yangu Tecla, ana mzigo wa kuni kichwani. Hakubisha hodi. Akautua kando ya jiko, akakaa chini kwenye udongo uliolowa, akanyoosha miguu. Nyuma yake wakaja wanawake wengine wawili, mmoja na kikapu cha maharage. Vichwa wamevifunga khanga.

"Pole, Mama Danstan," Tecla akasema.

"Pole ya nini?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mwenzake hajajua. Akasema gari limeshapita kwa jirani Juvenali, linatoka Rusumo, linakwenda polepole, taa zimewashwa mchana, matawi mbele. Nyuma kuna kitu kirefu kimefunikwa turubai, wanawake wamekaa huku na huku wanaimba. Juvenali amepanda pikipiki kumfuata Danstan shambani. Rusumo Danstan ana mtu mmoja tu.

"Amemwambia ni nani?" nikauliza.

Kabla hajajibu, mlango ukafunguka, Yuster akatokea kizingitini, mweupe mikono yote na shavu moja. Tecla alimtazama, akatazama ukuta, akamtazama tena. Alisogea nyuma akiwa amekaa vile vile, kwa makalio.

"Shikamoo, mama," Yuster akamwamkia.

Tecla akafanya ishara ya msalaba.

Hapo ndipo gari likaingia. Kila kitu kilikuwa kama alivyosema Tecla, nami nikamshika mtoto mkono ingawa alikuwa amesimama kando yangu mzima. Kwa sababu pikapu ya Rozina iliingia hivyo hivyo, kwa mwendo ule ule, ikasimama pale pale. Ndassa akashuka anatabasamu, mabega makubwa, shati limepigwa pasi. Wanawake watatu wa kwaya, aliowapa lifti wakitoka kwenye mazoezi, wakaruka chini na kushukuru wakaenda zao. Ndassa akanisalimu kwa heshima, kisha akamtazama Yuster, na sura yake ilivyolainika pale ingenifanya nimkabidhi mjukuu siku hiyo hiyo.

Lakini Yuster hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatazama matawi yaliyochomekwa mbele ya gari, mazima, mabichi, yamepangwa vizuri kulia na kushoto.

"Ndassa," akasema polepole, "umefanya nini?"

"Yalikatika nikaona huruma kuyatupa. Nikasema gari nalo lisherehekee. Na huo mti nimeufunika ili usiuone mpaka..."

Maneno yakamwishia mdomoni. Aliona kuni. Aliona wanawake waliokaa chini. Kila mtu wa nchi hii anajua gari lenye matawi mbele limebeba nini, naye anajua. Ila alikuwa ametoka mpakani mpaka hapa akiona sura ya msichana wake mbele ya kioo, si barabara.

"Mungu wangu," akasema, akarukia matawi kuyachomoa.

Hakuwahi. Danstan alitokea kati ya mibuni, anakimbia. Kiatu kimoja hakipo, goti linatoka damu, panga mkononi kwa sababu alisahau kuliacha. Hakumwona Yuster aliyesimama mlangoni. Hakumwona mtu yeyote. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya gari, na pale akasimama. Nikaona mkono wake unakwenda kwenye turubai, unarudi, unakwenda tena.

Akafunua.

Ulikuwa mti. Mti wa Krismasi mbichi, umefungwa kamba kiunoni. Danstan akausogelea. Akaweka kiganja juu ya majani yake, akapapasa kama anayetafuta kitu ndani.

"Baba," Yuster akaita.

Akageuka. Alimwona mtoto wake ana udongo mweupe mikononi, na nyuma yake ukuta una mawimbi ya vidole vitano, kama siku zile. Sijui mwanangu aliona watu wangapi wamesimama pale mlangoni. Midomo yake ilicheza, lakini hakumwendea. Alizunguka mpaka mbele ya gari na panga. Ndassa alikuwa amesimama hapo hapo, na Yuster akashuka kizingitini mbio. Danstan akainua panga, akakata matawi. Mara moja, mara mbili, mara tatu, mpaka vipande vikalala chini kwenye tope, na chuma cha gari kikachubuka. Ndassa hakusogea hata hatua moja.

"Nani alikufundisha kuleta gari hivi kwenye nyumba ya watu?" Danstan akauliza. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Nimekosa, Baba. Nilifikiria Noeli, sikufikiria barabara."

"Usiniite baba. Toa gari lako hapa, na hiyo barua yako ondoka nayo. Mama, mletee."

Nilisikia vizuri, lakini sikuinuka. Nilikaa kwenye kigoda changu kama vile masikio yamezeeka. Yuster akaja akasimama kati yao.

"Akiondoka na barua, na mimi naondoka," akasema. Akapinda midomo. "Lakini kwanza uniambie, Baba. Niambie leo, mbele ya watu. Miaka tisa umeninyamazia. Nikileta jambo la Noeli unatoka nje. Najua kwa nini. Mimi ndiye niliyelilia karatasi za kung'aa. Nilikuwa na miaka kumi na minne, mtu mzima, na nikalia mpaka Mama akavaa viatu akaenda. Unaona nilimuua. Sema basi."

Mimi niliyemlea mtoto huyu sikuwahi kulisikia neno hilo. Tulilala chumba kimoja miaka yote hiyo, yeye na hilo neno, na mimi.

Danstan akawa kama mtu aliyepigwa na kitu kutoka nyuma.

"Karatasi gani?" akauliza.

"Za rangi. Za kung'aa."

"Hakwenda kwa ajili ya karatasi." Panga likashuka mpaka likagusa tope. "Mama yako alisema karatasi tutakata za daftari, inatosha, manyunyu yameanza. Mimi ndiye niliyemwambia nyota bila mshumaa ni kitunga tu. Nilimtania. Akasema haya, nakufuatia mshumaa wako, akavaa viatu. Wewe ulikuwa unalia, ndiyo. Watoto hulia. Aliyemtuma ni mimi."

Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Yuster alimtazama baba yake, na nikaona anamtafuta usoni kama mtu anayesoma karatasi ndogo gizani.

"Kwa hiyo hukunichukia," akasema.

"Nilikuwa siwezi kukutazama. Unapinda midomo kama yeye." Akajifuta uso kwa mkono wenye udongo. "Leo Juvenali ameniambia gari limetoka Rusumo. Nikajua nimekuua na wewe. Kwamba uliondoka hapa kwa maneno yangu ukaenda kufa nayo."

Hapo ndipo akamwendea. Hakumkumbatia, wanaume wa kwetu hawajui hilo mbele ya watu. Alimshika mikono yote miwili ile yenye udongo na kuikandakanda kama anayehakikisha mifupa. Yuster akaweka paji la uso kwenye bega lake, akalia kilio cha miaka tisa. Tecla naye akalia, kwa kuwa alikuja amejiandaa.

Ndassa alitazama pembeni. Kisha taratibu akaanza kuokota vipande vya matawi kwenye tope, kimoja kimoja, bila kelele, akaviweka nyuma ya gari. Alipomaliza akafungua mlango wa gari ili aondoke, kama alivyoambiwa. Yuster aliinua uso. Macho yao yakakutana juu ya bega la Danstan, na nikaona kijana anamtikisia kichwa kidogo, kama kumwambia kaa, kaa na baba yako. Nimezeeka, lakini mtazamo ule naujua. Mtu mwenye uchu tu hamwachi msichana namna ile.

Danstan aliuona pia. Alikuwa amegeuka kusikia mlango wa gari.

Tecla akajikohoza, akauliza sasa kuni zake azifanyeje, kwa sababu kwetu kuni zikishatuliwa kwenye nyumba ya msiba hazibebwi kurudi. Watu wakanitazama mimi. Nikasema msiba wa Rozina haukumalizwa, kila mtu hapo anajua, basi bandikeni maharage. Danstan hakukataa. Akaingia ndani.

Tulimsikia anatembea sebuleni. Nyayo zikasimama kwenye kona tulikokuwa tumejenga pango. Tukasikia kabati linafunguliwa, vikombe vinagongana. Ndassa alikuwa bado ameshika mlango wa gari, na Yuster ameshika khanga yangu kama mtoto.

Mwanangu akatoka na barua mkono mmoja, panga mkono mwingine. Akalifuta panga kwenye suruali, akaingiza ncha yake kwenye bahasha, akaifungua. Alisoma akiwa amesimama, midomo inacheza. Alisoma mpaka chini, akarudi juu.

"Mwandiko mbaya," akasema.

"Aliandika mshenga, Mzee," Ndassa akajibu.

"Hujui kuandika?"

"Najua. Nilikuwa natetemeka."

Danstan akakunja barua akaitia mfuko wa shati. Akasema mshenga aje siku ya pili ya Noeli kama alivyopanga, lakini asije peke yake. Aje na Mzee Kazimili, baba yake Ndassa, kwa miguu yake mwenyewe, kwa sababu ana swali la kumuuliza juu ya ng'ombe wake, kama wanakaa au wanahama.

"Atakuja," Ndassa akasema. "Mimi mwenyewe nimeshapanda mibuni Nemba. Mibuni haiswagwi."

Danstan hakucheka, ila alimtazama kwa mara ya kwanza kama anayetazama mtu. Halafu akauliza mianzi iko wapi.

Walikaa sebuleni, wawili hao, na sisi wengine tukafukuzwa. Mlangoni nilisikia Danstan anasema, "Shika hapa. Usikaze. Nimesema usikaze, hii si kamba ya ng'ombe." Hakukuwa na kicheko, lakini hakukuwa na ugomvi pia. Yuster alikaa nje kizingitini, mikono magotini, anasikiliza kila neno kama redio.

Nyota ilipokwisha Danstan akatoka, akasema kwa sauti ndogo kwamba hakuna mshumaa. Hakuna aliyethubutu kununua. Nikaenda kwenye sanduku langu. Siku ile ya ajali walinipa kikapu cha Rozina pamoja na nguo zake, na ndani yake mlikuwa na mshumaa mmoja, umevunjika katikati, umeshikwa na utambi tu. Niliufunga kitambaa nikaunyamazia, sikujua ni nani aliyeuagiza.

Danstan aliupokea kwa mikono miwili. Akaupeleka kwenye moto wa Tecla, akaupasha pale palipovunjika, akaubana kwa vidole mpaka ukashikana. Ulikuwa umepinda kidogo. Akautia ndani ya nyota, akasema haiwashwi leo, itawashwa kesho jioni, mkesha.

Ndassa akaaga. Alipofika kwenye gari, Danstan akamwita.

"Kesho uje. Wewe ndiye utakayepanda kuitundika, mimi goti linauma."

"Nitakuja, Mzee."

"Gari uliache kule barabarani. Hapa uje kwa miguu."

Yuster akainamisha kichwa haraka, lakini mimi nilikuwa nimekaa chini kuliko yeye, nikaona anacheka.